Mtoto anasoma, au anakariri?

NILIPATA kushuka Nyololo, wilayani Mufindi, katika barabara kuu iendayo Mbeya, nikamtembelea ndugu yangu. Mwanawe wa darasa la kwanza akaitwa atuonyeshe alivyojua kusoma. Akafungua kitabu, akasoma ukurasa mzima bila kukwama. Tukasema Mashaallah! Tatizo ni kwamba macho yake yalikuwa dirishani. Nikafunika ukurasa kwa kiganja, nikaacha neno moja tu: "kwa". Akanyamaza.

"Kumbe kaka, huyu hasomi," akasema baba yake kwa masikitiko.

Ndugu msomaji, usicheke. Hebu mjaribu na wako leo. Madrasa pia tunao watoto wanaotiririsha Juzuu Amma huku kidole kikiwa aya nyingine kabisa. Kuhifadhi ni jambo jema, lakini si kusoma. Mtoto huyu anaweza kupanda madarasa na siri yake, na akifika darasa la tatu, masomo yote yanamtaka asome mwenyewe.

Sasa wazazi wengi mijini, hasa wenye watoto katika shule za Kiingereza, wanaletewa orodha ya maneno ambayo mtoto anatakiwa ayatambue kwa kuyaona tu. Wanauliza: je, na Kiswahili tukifundishe hivyo? Jibu ni kwamba tusiige kila kitu. Kiingereza kinaandikwa tofauti na kinavyotamkwa, hivyo mtoto hana budi kuyazoea baadhi ya maneno kwa sura. Kiswahili kina irabu tano zisizobadilika. Anayejua "ba, be, bi, bo, bu" na wenzake ameshashika ufunguo. Kwa hiyo silabi ndio msingi, na mtaala wa KKK wa darasa la kwanza na la pili, ulioanza kutumika mwaka 2015, uliweka mkazo huo huo wa kusoma, kuandika na kuhesabu.

Hata hivyo, silabi peke yake haitoshi. Maneno yetu ni marefu. Anayesoma "ha-wa-ja-ma-li-za" kwa kuvuta, akifika "za" ameshasahau "ha". Ndipo jicho linapohitaji mazoea. Mbona mtoto wa Kiislamu hulitambua jina la Allah ukutani kabla hajamaliza alifu na be? Ni kwa sababu analiona kila siku.

Basi fanya hivi. Kata kadi kutoka kwenye boksi la sabuni. Andika maneno madogo yanayojirudia: na, ya, wa, kwa, ni, si, hii, huyu, kila, kama. Anza na matano. Mwonyeshe kwa dakika kumi baada ya Magharibi, ukichanganya mpangilio kila mara ili asikariri mfuatano. Kisha mpe gazeti na penseli, azungushie kila "kwa" atakayoiona.

Akizoea, andika vipande vya mwanzo: ana, ali, ata, ame. Pembeni weka soma, lima, cheka. Kadi hizo saba zinazaa maneno 12: anasoma, alilima, atacheka na kadhalika. Hapo mtoto anaanza kuona kuwa neno refu limejengwa kwa vipande anavyovijua.

Jambo la mwisho, neno lianze sikioni. Huko Mufindi watoto wengi hulelewa kwa Kihehe au Kibena. Ukimwandikia neno asilowahi kulisikia, atalitamka kama kasuku. Zungumza naye kwanza, mwambie maana yake, ndipo umwonyeshe.

Pale Nyololo hatukununua chochote. Tulitoka na kijana hadi barabarani, tukasoma vibao: "duka", "chai", "chumvi". Inasikitisha kwamba wilaya hiyo hiyo ina kiwanda cha karatasi cha Mgololo tangu miaka ya 1980, lakini nyumba nyingi hazina hata karatasi moja ya mtoto kusoma. Nasi wa mjini je? Tuna televisheni sebuleni, lakini ni wangapi tumekaa na mtoto dakika kumi na kitabu wiki hii?

Ada tunalipa, lakini ada haimfunui mtoto anayekariri. Anayemfunua ni mzazi anayeweka kiganja juu ya ukurasa na kuuliza kwa upole: "Mwanangu, hili ni neno gani?"

Wabillahi tawfiq.