Somo la Kikundi: Homa ya Bonde la Ufa, Mwizi Anayeziba Mdomo



Mwizi akiingia boma usiku, mwenye nyumba hupiga nduru, nao majirani hufunga milango. Mwili hufanya vivyo hivyo. Leo tuone jinsi virusi vya Homa ya Bonde la Ufa, vilivyotambuliwa kwa kondoo hapa Kenya mwaka wa 1931, vinavyoizima nduru hiyo.

Virusi huingiaje?
Virusi hivi ni maagizo machache tu, yaitwayo RNA, yaliyofungwa ndani ya ganda. Vikiwa peke yake haviwezi kuzaana. Huingia ndani ya seli, zile chembe hai ndogo mno zinazojenga mwili, na kutumia vyombo vyake kujitengenezea nakala nyingi.

Mwili hujilindaje?
Seli ikitambua RNA ya kigeni, hutoa kitu kiitwacho intaferoni. Hiyo ndiyo nduru. Seli jirani zikiipata, hujifungia. Ulinzi huu tunazaliwa nao, sisi na mifugo.

Ujanja wa virusi
Virusi hivi hutengeneza protini iitwayo NSs, ambayo huingia mpaka kwenye kiini cha seli na kuzuia intaferoni isitengenezwe. Basi virusi huzaana upesi, hasa kwenye ini. Wana-kondoo hufa, majike hutupa mimba. Kuna chanjo ya mifugo iitwayo Clone 13, ambayo ni virusi vilivyopoteza sehemu kubwa ya NSs. Mwizi huyu hawezi kuziba mdomo: nduru inapigwa, na mwili unajifunza.

Tufanye nini?
Mvua kubwa za mwisho wa 2006 zilileta mbu wengi, na kufikia 2007 watu zaidi ya 150 walikuwa wamefariki Kenya. Kwa binadamu hakuna dawa maalum ya kuua virusi hivi. Kwa hiyo:

1. Chanjeni mifugo kabla ya mafuriko. Wenye mimba, ulizeni daktari wa mifugo kwanza.
2. Mnyama mgonjwa asichinjwe, hata kama ni hasara. Damu yake ndiyo huambukiza watu wengi.
3. Mimba iliyotupwa isiguswe kwa mikono mitupu.
4. Chemsheni maziwa, na mlale ndani ya neti.
5. Wanyama wengi wakitupa mimba kwa wakati mmoja, mwambieni afisa wa mifugo siku hiyo hiyo.

Virusi vikinyamazisha seli, sisi tusinyamaze.

Maswali ya kujadiliana
1. Kwa nini mnyama anaweza kuzidiwa upesi ilhali ana kinga ya kuzaliwa nayo?
2. Katika kikundi chetu, nani atapeleka habari kwa afisa wa mifugo?
3. Mwenzetu akipoteza mbuzi, tutamsaidiaje ili asishawishike kuwachinja walio wagonjwa?