Tuwaheshimu Wangali Hai

Somo: Matendo 9:36–42

Wajane wa Yafa walimwonyesha Petro nguo alizowashonea Dorkasi. Ushuhuda wao ulikuwa mwema, ila mwenyewe alikwisha kufa.

Nchini Kenya, Wangari Maathai alianza mwaka 1977 kupanda miti pamoja na akina mama wa vijijini, akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004. Jina lililotangazwa ni moja. Mikono iliyopanda ni mingi.

Mtaani petu wapo akina mama wanaolea yatima na kukesha na wagonjwa. Sisi wazee tumewasifu wengi makaburini, wasisikie. Basi tuwataje sasa.

Swali: Ni mama gani hatujamshukuru?