Somo la Usalama Barabarani: Kiwango Sahihi cha Upepo katika Matairi ya Gari la Familia

Ndugu wananchi wa Koboko na majirani zetu wa mpakani, katika toleo hili tunajifunza jambo ambalo wengi wetu humwachia fundi wa pancha: upepo wa matairi.

Barabara ya lami itokayo Vurra, ikipita Arua na Koboko hadi Oraba, imetufupishia safari. Hata hivyo, lami huruhusu mwendo wa kasi, na jua la mchana huichoma. Chukueni mfano wa gari aina ya Noah lililobeba familia nzima na magunia nyuma. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavuni kila linapozunguka. Kujikunja huko huzaa joto, joto hudhoofisha nyuzi za ndani, na hatimaye tairi hupasuka ghafla.

Kiwango sahihi kimeandikwa wapi?
Fungueni mlango wa dereva, mtazame kibandiko kilichopo kwenye nguzo yake. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, hivyo maandishi huenda yakawa ya Kijapani. Tarakimu, hata hivyo, husomeka. Mkiona 240, hicho ni kipimo cha kilopaskali. Gawanyeni kwa 6.9, mtapata takribani paundi 35, kipimo kinachotumiwa na mafundi wetu. Namba iliyo ubavuni mwa tairi lenyewe ni kikomo ambacho tairi haliruhusiwi kukipita. Si kiwango cha kujazia gari lenu. Iwapo matairi yaliyofungwa si ya saizi iliyoandikwa kwenye kibandiko, muulizeni fundi mwenye ujuzi.

Upepo hupimwa lini?
Hupimwa tairi likiwa baridi, yaani gari likiwa limesimama kwa muda wa saa 3 au zaidi. Asubuhi kabla ya kuondoka ndiyo wakati bora. Tairi lililotoka safarini huonyesha kipimo kikubwa kwa sababu ya joto. Msilipunguze upepo wakati huo, kwani likipoa litakuwa na upungufu.

Mara ngapi?
Mara moja kila mwezi, na kabla ya kila safari ndefu. Hata tairi zima hupoteza takribani paundi 1 kwa mwezi. Msitegemee macho wala teke la mguu, tumieni kipimo. Lipimeni pia tairi la akiba, kisha rudisheni vifuniko vya vali ili vumbi la barabara zetu za changarawe lisiingie.

Tairi lenyewe linasema nini?
Likilika kingo zote mbili, upepo umekuwa mdogo. Likilika katikati, umezidi. Na tairi lililojaa kupita kiasi hushika barabara kwa shida, hasa wakati wa mvua.

Mzigo je?
Baadhi ya vibandiko huonyesha kiwango cha juu zaidi kwa gari lililojaa, kifuateni. Lakini hakuna upepo unaoweza kuhalalisha abiria kuzidi viti. Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya mwaka 1998 inakataza kuendesha gari lenye hali ya hatari, na tairi bovu ni sehemu ya hatari hiyo.

Tairi likipasuka safarini
Shikeni usukani kwa nguvu, ondoeni mguu polepole kwenye kanyagio la mafuta, wala msikanyage breki ghafla. Gari likipungua mwendo, liegesheni kando ya barabara na mwashe taa za tahadhari.

Somo hili si la dereva peke yake. Mama anayepanda na watoto kwenda mazishini Arua au sokoni Ariwara ana haki ya kuuliza, "Umepima upepo leo?" Dereva mwema hatachukizwa na swali hilo. Tunawaomba mliulize kabla injini haijawashwa, maana wakati huo jibu bado lina faida.