Kijana wa Elwak Anayetaka Ubaharia: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Meli hupata uraia upesi kuliko kijana wa Mandera. Tajiri aliyeko Ugiriki hulipa ada, meli ikawa ya Liberia, na tezini pakaandikwa Monrovia hata kama haijatia nanga huko. Wewe umezoea kuulizwa babu yako alizaliwa wapi. Kwa hiyo sikiliza.

FANYA

Chukua kitambulisho kwanza. Ule msasa wa ziada kwa waombaji wa kitambulisho wa kaunti za mpakani ulifutwa kwa agizo la rais lililotiwa saini Wajir, Februari 2025. Ofisa akikurudisha kwa kisingizio cha msasa, mtajie agizo hilo. Bila kitambulisho hupati pasipoti.

Somea usalama wa baharini katika chuo kinachotambuliwa na mamlaka ya bahari ya Kenya, KMA. Cheti cha kununua mtaani hakizimi moto.

Uliza bendera kabla ya kuuliza mshahara. Kwenye bahari kuu, sheria ya melini ni ya nchi ya bendera, si ya kwenu wala ya tajiri. Na bendera hazilingani: mwaka 2018 Tanzania ilisimamisha usajili wa meli za nje baada ya meli zilizopeperusha bendera yake kukamatwa na dawa za kulevya na silaha. Andika namba ya utambulisho wa meli, ile ya IMO, tarakimu saba. Jina na bendera hubadilishwa. Namba hiyo haibadiliki.

USIFANYE

Usijiandikishe mkimbizi Dadaab kwa tamaa ya mgao. Wapo Wakenya ambao alama zao za vidole ziliingia huko, wakakaa miaka bila kitambulisho.

Usinunue hati upande wa pili wa mpaka.

Usimlipe wakala ili akupatie kazi. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao Kenya iliuridhia 2014, unakutoza cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti tu. Viza ni juu ya mwenye meli. Anayekwambia uuze ngamia ni mwizi, hata akiwa binamu yako.

Usipande meli ya uvuvi ukidhani mkataba huo unakulinda. Haimo, wala jahazi halimo.

Usinyamaze miezi miwili bila mshahara. Kwa mkataba huo, hapo umetelekezwa: bima ya meli inapaswa kulipa hadi mishahara ya miezi minne, pamoja na safari ya kurudi nyumbani. Cheti cha bima hiyo lazima kibandikwe melini mahali pa wazi. Kitafute siku ya kwanza, na usipokiona, uliza kwa nini, wakati meli ingali bandarini.