Vifaa vya Kuvaa vya Kupunguza Msongo wa Mawazo: Mwongozo kwa Familia

Siku hizi zinauzwa saa, pete na mikanda ya kifuani inayodaiwa kumtuliza mvaaji. Mwongozo huu unaeleza jinsi vifaa hivi vinavyofanya kazi, namna ya kunufaika navyo, na wakati wa kutafuta msaada wa daktari.

Kifaa hufanya nini?

Mtu anapopatwa na wasiwasi, moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi na viganja hutoa jasho. Mara nyingi hayo hutokea kabla mwenyewe hajayatambua. Kifaa huyapima, kisha humwarifu kwa mtetemo, sauti au mwanga.

Saa nyingi humulika ngozi kwa mwanga wa kijani. Damu huunyonya mwanga huo, na kiasi kinachorudi hubadilika kwa kila pigo la moyo. Kwa hiyo kifaa ni mfano wa kioo: hukuonyesha hali ya mwili wako, lakini hakikutibu. Kinachotuliza ni pumzi yako.

Zoezi la pumzi

1. Keti wima, miguu yote miwili ikiwa sakafuni. Legeza nguo zinazobana.
2. Vuta pumzi taratibu kwa pua, ukihesabu moja hadi tano. Usijilazimishe.
3. Toa pumzi taratibu kwa mdomo, ukihesabu vilevile.
4. Endelea kwa angalau dakika 5.

Mwendo huu ni takriban pumzi 6 kwa dakika. Unapovuta pumzi, moyo huongeza kasi kidogo, unapoitoa, hupunguza. Ukihisi kizunguzungu, rudia pumzi yako ya kawaida.

Asiye na kifaa hapungukiwi na kitu. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya dole gumba, uhisi mapigo yako kabla ya zoezi na baada yake.

Kabla ya kununua

- Usitumie fedha za kodi ya nyumba au chakula. Zoezi halina gharama.
- Ngozi nyeusi hunyonya mwanga zaidi. Mapitio huru yaliyochapishwa nchini Uingereza mwezi Machi 2024 yalieleza kwamba vipimo vya oksijeni vya kidoleni vinaweza kuonyesha kiwango kilicho juu kuliko hali halisi kwa watu wenye ngozi nyeusi. Ukijihisi mgonjwa, usikae nyumbani kwa sababu tu namba ni nzuri.
- Ikiwa umewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, muulize daktari kwanza.
- Soma masharti ya programu ili ujue ni nani atakayepokea taarifa za mwili wako.

Wakati wa kutafuta msaada

Kusubiri uamuzi wa uhamiaji, kufiwa ukiwa mbali na nyumbani au kukosa makazi ya uhakika ni mizigo isiyoondolewa na bangili. Huzuni, wasiwasi au kukosa usingizi kukizidi wiki mbili, zungumza na daktari wa familia, yaani GP. Kujiandikisha kwake ni bure, wala hulazimiki kuonyesha uthibitisho wa anwani au hadhi yako ya uhamiaji. Mtu mzima aliyejiandikisha kwa GP anaweza pia kuomba mwenyewe huduma ya NHS Talking Therapies.

Omba mkalimani, huduma hiyo ni bure. Usimtwike mtoto wako kazi ya kutafsiri mambo ya ugonjwa wako.

- Ukizidiwa na mawazo, au ukifikiria kujidhuru: piga 111, kisha uchague namba 2, saa yoyote.
- Maumivu ya ghafla ya kifua, kushindwa kupumua, au maisha kuwa hatarini: piga 999 mara moja. Usingoje kifaa kikuarifu.