Watatu wamehitimu: msimu ujao utakuwaje?

SWALI: Timu yetu ya chuo ya mpira wa vikapu imepoteza wachezaji watatu wa kikosi cha kwanza, wamehitimu. Nitajuaje kama tutashuka? – Msomaji, Gatitu, Nyeri

JIBU: Usihesabu vichwa, hesabu dakika. Mechi ina robo 4 za dakika 10, watu 5 uwanjani: timu ina dakika 200 za kugawana. Kama hao watatu walicheza jumla ya dakika 90, asilimia 45 imeondoka nao.

Kisha uliza walikuwa wakifanya kazi gani. Pengo la pointi huzibika, kwani lazima mtu arushe. Aliye adimu ni yule anayeupandisha mpira akibanwa bila kuupoteza. Akiondoka huyo, natabiri mwanzo mgumu hata mfungaji bora akibaki. Timu za vyuo vikuu vya Strathmore na USIU hupoteza wachezaji hivi kila baada ya mahafali, na ligini bado watu wazima wa klabu za Ulinzi na KPA wanawangoja.

Mwisho, angalia nani atajaza nafasi zao. Mchezaji wa akiba aliyefunga pointi 12 kwa dakika 10 hatafunga 48 akipewa dakika 40: atachoka, tena atakabwa na walinzi bora. Nenda mazoezini uone nani anapewa mpira presha ikipanda.