Jua Haki Zako: Mbwa Akifa Baada ya Chanjo au Dawa, Usimzike Kabla Hajapimwa

Desemba 2000, huko Mkomazi, chini ya Milima ya Upare, mbwa mwitu waliokuwa wakitunzwa ili wazaane na kurudishwa porini walianza kufa. Ndani ya miezi miwili walikufa 49 kati ya 52. Walikuwa wamechanjwa. Ni rahisi kusema kwamba chanjo ndiyo iliyowaua, lakini vipimo vya maabara vilionyesha jambo jingine: waliuawa na virusi vya distempa, na chanjo waliyopewa, iliyotengenezwa kwa virusi vilivyokwisha kuuawa, haikuwakinga. Ukweli huo ulipatikana kwa sababu mizoga ilichunguzwa.

Mwenye mbwa aliyekufa jioni baada ya kuchomwa sindano asubuhi aanzie hapo. Huenda mbwa huyo ndiye aliyekuwa akifukuza nyani na ngedere shambani, au aliyekuwa akiwasindikiza watoto hadi njia panda ya shule. Majonzi yake ni ya haki. Lakini mahakama itamuuliza swali moja gumu: nini hasa kilimuua mbwa wako? Akiwa ameshamzika, jibu limezikwa naye.

Kisheria mbwa ni mali yako. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtambua mnyama kuwa kiumbe chenye hisia na inakataza kumtesa, ila ukidai fidia, hasara yako itapimwa kama hasara ya mali. Jambo la pili ni zito zaidi: kufa baada ya dawa hakutoshi kuthibitisha kosa. Chanjo nzuri, iliyotunzwa vizuri na kuchomwa kwa kipimo sahihi, inaweza kuamsha mzio mkali. Mbwa anavimba uso, anatapika, anahema kwa shida na kuanguka, wakati mwingine ndani ya dakika chache. Hilo ni balaa, na huenda hakuna wa kulaumiwa.

Kosa ni uzembe. Mtoa huduma ameshindwa kufanya ambacho mtaalamu makini angefanya: chanjo imekaa juani wakati inatakiwa kuwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, dawa imepita muda wake, hakuuliza kama mbwa anaumwa au ana mimba, au alimwona akianguka akaondoka. Aivamektini, dawa ya vimelea, inastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa huku kwetu wenye ng'ombe na mbuzi huwa nayo nyumbani. Ile ya sindano ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita, na mililita moja ni kipimo cha ng'ombe kwa kilo 50 za uzito. Mbwa wa kilo 12 akichomwa mililita nzima amepewa zaidi ya mara nne ya kiwango hicho. Isitoshe, mbwa wenye damu ya koli, na baadhi ya jamani shepadi, wana kasoro ya kurithi inayoiruhusu dawa hii kuingia kwenye ubongo. Mbwa anayumba, anatetemeka, anatoka udenda, anapoteza fahamu.

Kama ulimweleza muuza dawa kwamba unataka dawa ya mbwa, ukategemea ujuzi wake, naye akakupa isiyofaa, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura 214, iko upande wako. Bidhaa inapaswa kufaa kwa kazi uliyomtajia.

Sasa ushahidi. Kama mbwa alikuwa na dalili za kichaa cha mbwa, au aling'ata mtu, usimguse wala usimpasue. Mwite afisa mifugo wa kata, na aliyeng'atwa au kuguswa na mate aoshe kidonda kwa sabuni na maji mengi na akimbilie hospitali. Kama hakuna shaka hiyo, funga mzoga kwenye mifuko miwili, uzungushie barafu bila kuugandisha, na umtafute daktari wa mifugo siku hiyohiyo, kwa sababu joto huharibu mzoga haraka. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina vituo Arusha na Tanga. Dai ripoti ya maandishi. Chupa tupu usiitupe: piga picha jina la dawa, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Tunza risiti, ujumbe wa malipo ya simu na kadi ya chanjo, na andika saa ya sindano na saa dalili zilipoanza.

Madhara ya dawa yaripotiwe kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo pia husajili dawa za mifugo. Mwenendo wa mtaalamu ni wa Baraza la Veterinari, chini ya Sheria ya Veterinari ya 2003. Kwanza uliza kama aliyechoma amesajiliwa au ameorodheshwa huko. Baraza linaweza kumwadhibu, lakini fidia ni kazi ya mahakama.

Hapa ndipo wengi hupoteza muda. Deni linalotokana na makubaliano, kama kurudishiwa fedha ulizolipa, linaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Madai ya uzembe hayako huko. Yapeleke Mahakama ya Wilaya. Kama sindano ilichomwa na mtumishi wa halmashauri kwenye kampeni, lazima kwanza utoe notisi ya siku 90, kisha shauri lifunguliwe Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe. Ukomo wa madai ya uzembe ni miaka 3, na wa mkataba ni miaka 6.

Gharama halisi uzitaje na uzithibitishe moja moja. Mahakama ya Rufani ilisisitiza hilo katika shauri la Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe, 1992. Kwa mbwa wa kienyeji fidia inaweza kuwa ndogo kuliko nauli za kwenda mahakamani, na naona ni haki kukwambia mapema. Barua ya madai yenye ripoti ya maabara mara nyingi inatosha kuwaketisha watu wakazungumza. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 watakusaidia bila malipo.

Na nakuomba, usiwanyime mbwa wako wengine chanjo ya kichaa kwa sababu ya huyu mmoja. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara kinaua. Mweleze mtaalamu yaliyompata yule wa kwanza kabla hajafungua chupa, na umwombe asubiri nawe nusu saa baada ya sindano.